Waliohukumiwa Usiku

Mwanzoni mwa Februari 1908 Winston Churchill, wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni mjini London, aliletewa taarifa ya kijeshi kutoka Afrika Mashariki, akaisoma na isimpendeze. Wanajeshi wa King's African Rifles walikuwa wametumwa nchi ya Gusii kuadhibu. Taarifa ilisema watu 160 walikuwa wameshauawa, na upande wa serikali haukuwa umepata hasara nyingine. Churchill aliandika kwamba jambo hilo linafanana na machinjo, akauliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na cha kujitetea kwa wingi namna ile. Aliogopa pia Bunge lingesemaje likipata habari. Hofu na huruma zilikaa kwenye karatasi moja, lakini swali aliuliza, naye alikuwa upande wa wenye bunduki.

Chanzo cha adhabu hiyo kinajulikana na kila mtoto wa Kisii aliyesimuliwa historia ya kwao. Januari ya mwaka huohuo, Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa Kisii. Northcote aliumia, akapona. Nyuma ya Otenyo alikuwapo Moraa, mwanamke mwonaji aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Tayari mwaka 1905 kikosi kingine kilikuwa kimepita huko, kikaua watu na kuswaga ng'ombe. Sasa kwa mkuki wa mtu mmoja adhabu iliangukia ukoo mzima: nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na waliokufa hawakuulizwa walikuwa wapi siku Northcote alipochomwa.

Naanzia hapo kwa sababu Abagusii waliosikia Injili kwa mara ya kwanza ndio haohao walioona moto huo. Mapadre wa shirika la Mill Hill walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911. Mwaka uliofuata Wasabato wakaja Nyanchwa, juu kidogo ya mji wa Kisii. Miaka mitatu, minne hivi, tangu majivu yapoe, watu wa rangi ileile walisimama mbele ya wenyeji wakihubiri Mungu anayesamehe saba mara sabini. Si ajabu wasikilizaji hawakuwa wengi. Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka na kupigana na Waingereza mjini Kisii, wazungu waliondoka kwa muda, na watu wakaziingia misheni zote mbili wakapora kila kilichobebeka. Serikali iliporudi ilitoza ng'ombe. Wamisionari nao walirudi, wakaanza upya kwenye kuta tupu.

Kilichofuata ni mojawapo ya mavuno makubwa ya Ukristo katika Kenya nzima. Kisii na Nyamira leo ni ngome ya Wasabato. Jumamosi asubuhi barabara za Nyamira, Keroka na Ogembo hujaa watu waliovaa vizuri, Biblia kwapani. Jimbo Katoliki la Kisii liliundwa mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza, Maurice Otunga, baadaye akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Wapo Walutheri, Wapentekoste, na makanisa madogo ya mabati ambayo hata chifu hana hesabu yake. Ni vigumu kusimama juu ya kilima chochote cha Gusii usione paa la kanisa.

Na katika nchi hiyohiyo yenye kanisa kila kilima, wazee wamechomwa moto wakiwa hai kwa tuhuma za uchawi.

Imani yenyewe ni ya zamani kuliko misheni. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Gusii katika miaka ya 1940, aliiandika. Robert LeVine na wenzake, waliokaa huko miaka ya 1950, waliikuta ingali hai katika familia zilizokuwa tayari zinakwenda kanisani. Omorogi, mchawi, husemwa kuwa hutembea usiku na moto wake, na huwa jirani au mtu wa nyumbani: mke mwenza, mama mkwe, shangazi. Elimu yake mama humrithisha binti au mkaza mwana. Mtoto akifa ghafla, au ng'ombe akikauka maziwa, watu walikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, aeleze chanzo.

Zamani pia wapo waliouawa, na sitaipamba historia. Lakini kulikuwa na njia nyingine nyingi kabla ya kufika huko. Kulikuwa na kiapo, emuma, kilichomwachia Mungu na mizimu kazi ya kuhukumu. Kulikuwa na sadaka. Na kulikuwa na dawa iliyotumika kuliko zote, yaani kuhama. Aliyedhani jirani anamwendea usiku alijenga ng'ambo ya mto, au mtuhumiwa mwenyewe aliondoka na watoto wake akaanza mahali pengine. Nafasi ilifanya kazi ambayo moyo wa mtu ulishindwa kuifanya.

Nafasi hiyo imekwisha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 950 kwa kilomita moja ya mraba, na hiyo ni nchi ya wakulima, yenye ndizi na chai hadi ukingoni mwa njia. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka ndugu wanne wanagombania kipande ambacho babu yao angekiona hakitoshi hata kwa malisho ya ndama. Mjane mzee aliyebaki kwenye nusu ekari ya marehemu mumewe amekalia kitu ambacho watu wazima wenye nguvu wanakihitaji. Watu wanaofuatilia mauaji haya wanalisema jambo hilo wazi: ukitaka kujua kwa nini bibi fulani ameitwa mchawi, uliza kwanza mpaka wa shamba lake unapita wapi.

Sheria nayo imechangia, pengine bila kukusudia. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925. Inaadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi, na inaadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa amempelekea tuhuma hiyo mkuu wa serikali, polisi au chifu. Ni kifungu chema, na laiti kingetumika. Lakini mahakama inataka ushahidi unaoshikika, na uchawi hauna. Basi tangu enzi za mkoloni watu wameona kwamba serikali inamlinda omorogi, na kwamba mwenye kutaka haki aitafute mwenyewe, gizani.

Kati ya mwaka 1992 na 1994 giza hilo lilifunguka. Wimbi la kuwasaka wanaodaiwa kuwa wachawi lilipita Gusii, na watu wengi wakachomwa. Justus Ogembo, msomi aliyeandika kitabu kizima juu ya miaka hiyo, hakuridhika na jibu jepesi kwamba ni ushamba wa wanavijiji. Aliutazama wakati wenyewe. Ulikuwa mwanzo wa vyama vingi, uchaguzi wa 1992, mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa na kwenye mpaka wa Gusii na Wakipsigis, uchumi ulioporomoka. Hofu ilikuwa kila mahali, na mwenye hofu humtafuta aliye karibu.

Halafu yakarudi yaleyale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka. Mpakani mwa Borabu na Sotik watu waliuana, soko la Chebilat likateketea, na Abagusii waliofukuzwa Bonde la Ufa wakarudi kwa ndugu zao kwenye mashamba ambayo tayari hayakutosha. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Nairobi mwishoni mwa Februari 2008. Mwezi Mei, viongozi walipokuwa wameshagawana wizara, kundi la vijana lilizunguka usiku nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Gusii. Lilikuwa na majina. Watu kumi na mmoja waliuawa, wanawake wanane na wanaume watatu, wengine wakiwa wamevuka miaka 80, na nyumba kadhaa zikateketezwa.

Wanakijiji waliwaambia waandishi wa habari kwamba katika shule ya msingi limeokotwa daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, limeandikwa nani atakayefuata kurogwa. Nimelifikiria sana daftari hilo. Daftari la shule Kenya tunalijua: jalada lina mistari ya jina, shule, somo na darasa, na nyuma jedwali la kuzidisha. Mwanafunzi hufundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano akiwa darasani. Waliohudhuria, wasiofika, ajenda, mengineyo. Waliohukumiwa usiku ule walikuwa wazee, wa kizazi ambacho wasichana wengi hawakupelekwa shule. Mwandiko ulikuwa wa nani? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo hata hakimu mvivu angeuliza. Kundi lenye petroli halina nafasi ya swali.

Mchungaji mmoja aliyepoteza jamaa zake katika mauaji yale alizungumza na wanahabari. Alisema hajui afanye nini, na kwamba rehema za Mungu pekee ndizo zitakazompa nguvu ya kuendelea. Huyu alikuwa mhubiri. Yaelekea katika vijiji vile waliouawa na wauaji walikuwa wamewahi kuketi chini ya mahubiri yaleyale.

Hapa ndipo makanisa ya Gusii yanapaswa kuulizwa kwa upole lakini bila kuzungushana. Wachungaji na mapadre wengi wamelaani mauaji haya, nao wamefanya vema. Tatizo limekaa mahali pengine. Upo mstari katika Kutoka, sura ya 22, unaoamuru kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai, na wanaoutaja wanaukariri kwa namba yake. Wapo pia wahubiri wa maombezi wanaomwita mgonjwa mbele, wakamwambia adui yake yuko nyumbani kwake, ni mtu mzima, ni mwanamke, humpikia. Hawataji jina. Hawana haja, maana mgonjwa ataondoka pale akiwa na jina tayari. Kazi ya omoragori imehamia madhabahuni na kupewa kipaza sauti.

Kilicho kinyume cha mstari ule wa Kutoka kimo katika Biblia hiyohiyo. Yakobo, sura ya 2, anaonya kwamba hukumu haitamhurumia asiyehurumia, na kwamba rehema ina nguvu kuliko hukumu. Yohana, sura ya 8, anasimulia habari ya mwanamke aliyeletwa katikati ya watu waliokuwa na mawe mkononi na torati upande wao. Yesu aliinama akaandika chini kwa kidole. Hatuelezwi aliandika nini, na hakuna aliyelichukua andiko lile kuwa ushahidi. Kisha akawaambia asiye na dhambi arushe wa kwanza. Wa kwanza kuondoka walikuwa wazee. Nikisoma hapo nawaza juu ya Gusii, ambako abagaka, wazee wa kijiji, bado wana sauti katika ardhi, mahari na mazishi. Vijana wa Mei 2008 walipita mbele ya milango ya wazee hao. Kama wazee wangetoka wakasimama njiani, hata wachache tu, sidhani vijana wangepita wote.

Na kuna jambo jingine katika kisa hicho cha Yohana ambalo watetezi wa haki huliruka. Mwanamke yule alikuwa na kosa. Yesu hakumwokoa kwa kuthibitisha kwamba amesingiziwa. Sisi tunapowatetea bibi zetu tunasema hawakuwa wachawi, na ni kweli. Lakini utetezi huo peke yake unaacha mlango wazi, maana jirani atajibu kwamba huyu wa kwake ana uhakika naye. Rehema ya Kikristo inaanza kabla ya swali la hatia. Hata anayeamini kwa moyo wake wote kwamba mama fulani ni omorogi amekatazwa kumgusa.

Ulaya na Marekani zilipita njia hii. Kule Salem, Massachusetts, mwaka 1692, mahakama halali ya Wakristo wacha Mungu iliwanyonga watu 19 kwa uchawi, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Ushahidi mwingi ulikuwa wa watoto na vijana waliodai kuona vivuli. Mmoja wa majaji aliitwa Samuel Sewall. Januari 1697, siku ya kufunga na kutubu, Sewall alikwenda kanisani kwake Boston na karatasi, akampa mchungaji Samuel Willard. Mchungaji alipoisoma kwa sauti, Sewall alisimama mahali pake, mbele ya majirani wanaomjua, mpaka ikaisha. Karatasi ilisema anabeba lawama na aibu ya yaliyotendeka, na anaomba watu na Mungu wamsamehe. Mchungaji alipomaliza, Sewall aliinama. Kuanzia hapo alitenga siku ya kufunga kila mwaka kwa ajili ya kosa hilo, na alikufa mwaka 1730. Koloni ikaja kulipa fidia kwa familia mwaka 1711. Jina la mwisho, la Elizabeth Johnson, halikusafishwa rasmi hadi 2022, baada ya wanafunzi wa shule moja na mwalimu wao kulipeleka mbele ya wabunge.

Simleti Sewall ili tuone wazungu walitutangulia kwa wema, waliua kwanza. Namleta kwa sababu alifanya jambo ambalo linawezekana katika kanisa lolote la Nyamira Jumamosi hii: mtu kusimama.

Maana mauaji hayajakoma. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee walitolewa majumbani mwao mchana wa watu, wakapigwa na kuchomwa, wakidaiwa kumroga mwanafunzi. Video zilisambaa kwenye simu.

Ukizungumza na watu wanaoishi na tuhuma hii watakueleza kwamba haianzi na kiberiti. Inaanza na chakula. Watu wanaacha kula kwake. Anapika, wageni wanasema wameshiba. Akileta ndizi kwenye harambee ya mazishi, zinabaki pembeni. Watoto wanaambiwa wasipite uani kwake. Halafu kanisani benchi alilokaa linabaki na nafasi. Uzee wenyewe unamwongezea hatari: ugonjwa wa kusahau humfanya mtu aamke usiku akatoka nje akitafuta nyumba aliyoishi akiwa msichana, na anayemkuta barabarani saa nane za usiku hahitaji ushahidi mwingine.

Kwa hiyo rehema katika Gusii ina umbo linaloonekana. Ni mzee wa kanisa kwenda mchana kweupe, akaketi sebuleni kwa mama anayesemwa, akala ugali wake wa wimbi mpaka sahani ikaisha, akatoka watu wakimwona. Ni akina mama wa Dorkasi kupeleka sabuni na kuni huko kwanza badala ya mwisho. Ni jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki kuhamishia sala yake ya wiki kwenye boma hilo. Ni mtoto wa kiume aliye Nairobi kumpeleka mama yake hospitali akapimwe ugonjwa wa kusahau, na kuwaeleza majirani jina la ugonjwa huo. Huko Pwani, Kilifi, ambako wazee wanauawa kwa tuhuma hizihizi na kwa ardhi hiihii, pamejengwa mahali pa kukimbilia, Kaya Godoma, Ganze. Ni kazi ya kusifiwa, ingawa inaumiza kwamba mzee analazimika kuondoka kwake ili aishi.

Linabaki jambo zito kuliko yote, ambalo sijui kanisa lolote linaweza kulikwepa milele. Kijana aliyekuwa na miaka 20 usiku ule wa Mei 2008 sasa anaelekea 40. Ana mke, ana watoto shuleni, huenda ni shemasi. Rehema inamhusu yeye pia, na ni rahisi kulisema hilo kuliko kulitenda, kwa kuwa kosa la kuua halifutwi na muda katika sheria ya Kenya, na hukumu yake ya juu bado ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Akisimama kama Sewall anaweza kutoka kanisani akiingia kituo cha polisi. Akinyamaza, watoto wa bibi aliyemchoma wataendelea kumpa mkono wa amani bila kujua ni mkono wa nani, au, kama vijiji vilivyo, wakijua.

Mimi naona kanisa lisimwahidi kwamba atakwepa mahakama. Limwahidi kwamba kuna watu watakaomsindikiza hadi huko, watakaomtembelea gerezani, watakaowalipia watoto wake karo, na kwamba hakuna atakayeichoma nyumba yake. Na siku hiyo, kabla jina lake halijatajwa, yasomwe kwanza majina ya wale kumi na mmoja, moja moja, ndugu zao wakiwa wamekaa mbele.